Vitabu vya Sayansi Katika Maktaba ya Chuo cha Ufundi



Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti, na maktaba vilevile. Kwa hiyo swali la vitabu gani vya sayansi viwekwe katika maktaba ya chuo cha ufundi halijibiwi Nairobi. Linajibiwa hapa kwenye kaunti, na mlipa ushuru ana haki ya kuliuliza.

Maktaba nyingi za vyuo huanza kwa msaada. Katoni zinafika, picha inapigwa, vitabu vinapangwa kwenye rafu, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Msaada si mbaya. Ila kitabu cha sayansi si kama riwaya. Riwaya ya mwaka 1970 inasomwa leo bila hasara yoyote, lakini kitabu cha ufundi wa stima cha mwaka huohuo kinaweza kumuua anayekifuata.

Chukua rangi za nyaya. Kwa miaka mingi vitabu vya Uingereza, ambavyo ndivyo vilivyojaa katika rafu za Kenya, vilifundisha kwamba waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Kwenye stima ya nyaya tatu za moto, rangi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu. Kuanzia mwaka 2004 Waingereza walihamia mpango mwingine, na tangu 2006 kazi mpya zote kwao hufuata mpango huo: kahawia ina moto, buluu ni nyutro, na kwenye nyaya tatu za moto rangi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Tazama kilichotokea. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa inaweza kuwa na moto, na buluu iliyokuwa na moto sasa ni nyutro. Kijana aliyesoma kitabu cha zamani peke yake atashika waya mweusi kwa imani. Aliyesoma kipya peke yake naye atashika waya wa buluu katika jengo la zamani. Chuo kinahitaji kitabu kinachoonyesha mipango yote miwili ukurasa mmoja, na mwalimu wa kusisitiza kwamba waya hupimwa kwa kipima stima kabla ya kuguswa, hata rangi iwe ipi.

Friji nazo zina hadithi yao. Kitabu cha zamani kinaeleza gesi ya R-12, isiyoshika moto. Gesi za aina hiyo zinaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 nchi zinazoendelea zilipaswa kuziacha kufikia 2010. Friji nyingi za nyumbani za siku hizi zina R-600a, ambayo inawaka. Fundi anayechomelea mrija wa friji hiyo kama alivyosoma katika kitabu cha R-12 anaweza kulipua chumba.

Kwenye kilimo mambo ni hayohayo. Kitabu cha mahindi kilichochapwa kabla ya 2011 hakina ugonjwa wa MLN, ulioonekana mara ya kwanza nchini huko Bomet mwaka huo. Kilichochapwa kabla ya viwavi jeshi vamizi kufika Kenya hakitamsaidia mkulima anayeona majani yametobolewa. Vingine bado vinashauri kuua mchwa kwa aldrin au dieldrin, sumu zilizoorodheshwa katika Mkataba wa Stockholm wa 2001.

Basi kazi ya kwanza ni kuondoa. Hapa wengi husita, maana kutupa kitabu huonekana kama dhambi, hasa mahali vitabu vilipo vichache. Mwongozo wa CREW wa maktaba za Texas, Marekani, unashauri vitabu vya tiba vikaguliwe vikipita miaka 5 na vya kompyuta vikipita 3. Si lazima kaunti ifuate miaka hiyo. Lakini kitabu kinachofundisha hatari kisikae rafu moja na kinachofundisha usalama. Kikiwekwa kwa ajili ya historia, kipigwe muhuri mkubwa unaoonekana. Wala si kila cha zamani ni kibovu. Kanuni ya Ohm ilichapishwa mwaka 1827 na haijabadilika; kitabu kizuri cha hesabu au fizikia ya msingi kinadumu hadi jalada litoke.

Kununua kuanzie karakana. Mkutubi akae na mwalimu wa stima, wa magari, wa ushonaji, wa kilimo, awaulize wanafunzi hukwama wapi. Jibu mara nyingi litakuwa hesabu ya sehemu, vipimo na kusoma mchoro, mambo ambayo orodha za wauzaji wa vitabu haziyatangulizi. Nakala 5 za kitabu kimoja kinachoeleweka zinafaa darasa kuliko vitabu 5 vizito vya chuo kikuu. Lugha nayo isisahauliwe. Kuna wanafunzi wanaoelewa kazi vizuri lakini Kiingereza cha kitabu kinawashinda, na kwao Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, bado ina manufaa ya kueleza istilahi.

Kuna vya bure pia. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa vitabu vya fizikia, kemia na biolojia bila malipo, na kwa programu ya Kiwix ensaiklopidia ya Wikipedia husomwa kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Vinavyohitajika ni kompyuta, stima, na mtu wa kuonyesha njia.

Tena kuna mpangilio. Kwa namba za Dewey, nadharia ya umeme iko 537 na kazi ya stima iko 621, pengine ukuta mwingine kabisa. Karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye rafu, ikimwelekeza mwanafunzi kutoka huku kwenda kule, inatosha. Na kabati lisifungwe. Kitabu kilichofungiwa ili kisipotee kimekwisha kupotea.

Yote haya yanahitaji fedha ndogo kila mwaka, si fedha nyingi mara moja, kwa sababu rafu ya sayansi huchakaa hata isipoguswa. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayetaka maktaba ya chuo cha wadi yake itengewe fungu lake atoe maoni kabla ya tarehe hizo, kwa maandishi au kwenye vikao vya kupokea maoni ya wananchi, akitaja chuo, kozi na vitabu vinavyokosekana.