Nyumba kwa Siku 7, Uwanja kwa Miaka 6

Mkimbiaji wa marathon Kelvin Kiptum alikulia shambani. Alizaliwa tarehe 2 Desemba 1999, mtoto wa pekee kwa wazazi wake, na akalelewa katika kijiji cha Chepsamo, eneo la Chepkorio, Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Habari za ajali ya barabara ya Kaptagat iliyomuua na za mazishi yake huko Naiberi zimesikika sana. Lisilosemwa vya kutosha, hata mbele ya jeneza, ni jinsi kijana huyu alivyofika alipofika bila uwanja wa kukimbilia.

Mwaka 2009, mwanariadha kutoka Rwanda, Gervais Hakizimana, alikuwa akifanya mazoezi karibu na shamba la babake Kiptum. Kitoto cha miaka 9, miguu mitupu, kiliacha mifugo na kumfuata kwa nyuma, kikimkanyaga visigino. Hakizimana alikifukuza. Kesho yake kilikuwa pale pale. Miaka ilipita, na mtoto aliyefukuzwa akawa mwanafunzi wa yule yule aliyemfukuza. Usiku wa Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, walikuwa pamoja ndani ya gari lililotoka barabarani na kugonga mti. Wote wawili walifariki. Hakizimana naye ana nchi inayomlilia, na Kenya isimsahau.

Babake alitaka mwanawe asomee mambo ya umeme, apate kazi ya kueleweka. Ni tamaa ya kila mzazi wa shambani, wala hakuna wa kumlaumu. Kijana akashika mbio. Mwaka 2013, akiwa bado na miaka 13, alishiriki nusu marathon ya Eldoret akamaliza wa 10. Mwaka 2018 alirudi kwenye mbio hizo hizo akashinda. Wakati huo viatu vya mashindano vilikuwa vya kuazima.

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Kiptum alieleza mwenyewe kwa nini hakupitia mbio za uwanjani kama walivyofanya wakubwa waliomtangulia, akina Eliud Kipchoge. Uwanja ulikuwa mbali na kwao, na nauli ya kwenda huko hakuwa nayo. Akajiunga na wakimbiaji wa barabarani. Dunia iliposhangaa kuona kijana anaingia marathon moja kwa moja, ilidhani ni mbinu mpya ya ukufunzi. Ilikuwa nauli tu.

Basi akaifanya barabara kuwa shamba lake. Kwa wiki alikimbia kilomita 250 hadi 280, nyingine zikapita 300, kiasi kilichomtia wasiwasi hata kocha wake. Desemba 2022 alikimbia marathon yake ya kwanza, Valencia, kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 53; hapakuwa na mtu duniani aliyeanza kwa kasi hiyo. Aprili 2023 akashinda London kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 25. Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 35, akiipunguza rekodi ya dunia ya Kipchoge kwa sekunde 34. Mara zote tatu nusu ya pili ilikuwa ya kasi kuliko ya kwanza. Chicago nusu hiyo alikwenda dakika 59 na sekunde 47, mahali ambapo wengine huanza kuburura miguu. Mtu hujengwa hivyo na kazi inayorudiwa kila alfajiri, jua na mvua.

Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, Shirikisho la Riadha Duniani liliidhinisha rekodi hiyo. Jumapili yake akafariki, na miaka yake 24. Aprili mwaka huo alikuwa aende Rotterdam kujaribu kushuka chini ya saa 2. Nyuma yake walibaki mke, watoto wawili wadogo, na wazazi ambao tegemeo lao lilikuwa huyo mmoja.

Serikali iliijengea familia yake nyumba, ikasimama kwa siku 7, kuta, paa na madirisha, kabla ya mazishi. Ni jambo jema, na familia iliyofiwa inastahili paa. Lakini siku 7 hizo zimefichua kitu. Zimeonyesha kwamba fundi akitafutwa anapatikana, saruji ikitakiwa inafika, na lori la mchanga linajua njia ya kupanda Keiyo.

Ukishuka njia hiyo hiyo hadi Iten utaukuta uwanja wa Kamariny. Mabingwa wa dunia wamefanya mazoezi kwenye udongo wake, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ulifungwa ukarabatiwe, na zaidi ya miaka 6 baadaye, Kiptum alipozikwa, ulikuwa bado haujakamilika. Nyumba kwa siku 7, uwanja kwa miaka 6. Vijana wanakimbia kando ya lami, magari yakiwapita karibu na bega. Nyumba kwa siku 7, uwanja kwa miaka 6. Kila bingwa anapozikwa, viongozi husimama chini ya maturubai na kuahidi. Maturubai yakikunjwa, ahadi nazo hukunjwa.

Safari hii zisikunjwe. Waliopanda jukwaani siku ya mazishi warudi Kamariny wakiwa na mkandarasi na tarehe ya kumaliza, na tarehe hiyo itangazwe hadharani. Kaunti iulize, Bunge liulize, wazazi wa Chepkorio na Iten waulize kila mkutano hadi wajibiwe. Wenye magari wapunguze mwendo alfajiri wanapoona vijana wakikimbia pembeni. Na nauli ya mtoto asiye na kitu kufika uwanjani iwekwe kwenye bajeti ya michezo, kwa kuwa leo, mahali fulani juu ya bonde la Kerio, kuna mchungaji wa miguu mitupu anayekanyaga visigino vya mtu. Kamariny ufunguliwe kabla hajakua.