Kodi ya Nyumba Inapokwama: Msaada Uwahi Kabla ya Vyombo Kutolewa Nje



Wapendwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, mama zetu wa WAWATA, nanyi ndugu wote mliofika kutoka vigangoni.

Tumeombwa tuseme nanyi juu ya mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba. Mada hii ilipoletwa mezani, baadhi yetu katika Kamati ya Haki na Amani walisema kwamba hili si jambo letu. Kwamba sisi tunashughulika na migogoro ya ardhi, uchaguzi na mauaji ya vikongwe, na kodi ya chumba ni shauri la watu wawili. Leo tunaanza kwa kukiri kwamba tulikosea. Tena tunataka mjue jinsi tulivyokosea.

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa jumuiya yetu, mwenye watoto wanne, alikuwa amepanga chumba na sebule kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mumewe alikuwa ameondoka tangu Oktoba kwenda machimbo ya dhahabu, na hakuna habari iliyorudi. Kodi ya miezi 6 iliisha mwishoni mwa Januari. Mwenye nyumba alitaka miezi 6 mingine kwa mkupuo, yaani shilingi 240,000. Mama alikuwa na 90,000, kwa sababu nyingine zilikuwa zimekwenda kwenye sare na madaftari shule zilipofunguliwa. Hakumwambia mtu. Aliacha kuja jumuiya, maana asingeweza kutoa hata mchango wa wiki, na katibu wetu akamwandika katika orodha ya walegevu wa sala. Asubuhi moja ya Februari mwenye nyumba alileta fundi, mlango ukang'olewa, na vyombo vikawekwa chini ya mwembe. Mvua ilinyesha mchana wa siku hiyohiyo. Aliyewachukua watoto ni jirani Mwislamu, mama mwenye vyumba viwili na wajukuu watano.

Sisi tulikutana Jumapili iliyofuata. Baada ya Misa ya pili tulipitisha kikapu, na kwa muda wa dakika kama kumi zikapatikana shilingi 160,000. Ukijumlisha na zile za mama, kodi yote ilikuwa imepatikana na chenji ya kununulia kitasa. Lakini chumba kilikwisha kupangishwa mtu mwingine. Fedha, ndugu zetu, ilikuwapo muda wote mifukoni mwetu. Kilichokosekana ni mtu wa kujua mapema.

Tulimwendea mwenye nyumba kwa hasira, tukarudi tumenyamaza. Yeye naye ni mjane wa mfanyakazi wa reli, mzee, mwenye ugonjwa wa moyo. Vyumba vile vitatu ndivyo shamba lake na ndiyo pensheni yake. Alituuliza: "Dawa zangu nizinunue kwa huruma ya nani?" Hatukuwa na jibu. Yafaa tukumbuke hivyo kila tunaposema juu ya wenye nyumba, maana wengi wao hapa Mpanda si matajiri, na wengi wao wanakaa nasi katika viti hivihivi vya kanisa.

Basi tatizo liko wapi? Kwa maoni yetu liko zaidi katika majira kuliko katika ubaya wa mtu. Mji wetu ulikua kwa mgodi wa madini ya risasi na kwa tawi la reli la kutoka Kaliua lililojengwa kwa ajili yake karibu na mwaka 1950. Tangu mwanzo umekuwa mji wa watu waliofuata kazi na kulala katika nyumba zisizo zao. Tangu Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, wapangaji wameongezeka: watumishi, wafanyabiashara wadogo, vijana wa bodaboda, wachimbaji. Desturi ya kodi ni miezi 6 au 12 mbele. Lakini mapato ya watu hawa hayaji kwa miezi 6. Mkulima wa tumbaku au mahindi hushika fedha baada ya mavuno, kuanzia Aprili au Mei na kuendelea, na malipo ya tumbaku yaweza kuchelewa zaidi. Anayemuuzia mkulima kanga, sukari au soda hupata mkulima anapopata. Kodi inayoisha Januari au Februari humkuta mtu wakati ghala ni tupu, ada na sare zimekula akiba, na malaria ya masika imeingia nyumbani. Mtu huyohuyo angedaiwa mwezi Julai, angelipa bila kumsumbua Padre.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, aliyekopesha anakatazwa kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe ndiye atoke nayo. Tazameni jinsi sheria ile ilivyo na heshima. Haifuti deni, wala haisemi kwamba mdai ni mwovu. Inasema tu kwamba kizingiti cha maskini hakivukwi. Nayo Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, mwaka 1987, uliokuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makao, ilitoa hati nzima juu ya Kanisa na tatizo la makazi, ikayahesabu makao kuwa haki ya kila binadamu. Mlango wa mama yule uling'olewa katika parokia ambayo hati za namna hiyo zimo kabatini. Tunasema hivi juu yetu wenyewe.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi, kwa kifupi, kwa kuwa wazee wengi bado wanauliza habari za "Baraza la Nyumba". Ilikuwapo Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyomlinda mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi na kutolewa ovyo. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi ni mapatano, na asiye na mkataba wa maandishi hubaki na maneno matupu. Hata hivyo mpangaji hakuachwa uchi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu ya upangishaji, inamtaka mwenye nyumba atoe notisi kabla ya kuvunja upangaji kwa sababu ya kodi, na inampa mpangaji nafasi ya kuomba nafuu. Kung'oa mlango, kuezua bati au kufungia vyombo vya mtu ndani si notisi.

Ugomvi ukizuka, njia huanza karibu. Mjumbe wa shina na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kuwakalisha wawili hao na kuandika makubaliano ya kulipa kidogokidogo. Karatasi yenye sahihi mbili na mashahidi wawili imeokoa watu wengi kuliko hotuba. Likishindikana, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Baraza lina siku 30. Likishindwa kupatanisha, shauri laweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiyeweza kulipa wakili amtafute msaidizi wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kumhudumia bure asiye na uwezo. Na kama kiini cha shida ni mume aliyetoweka, kama ilivyokuwa kwa mama yetu, Ofisi ya Ustawi wa Jamii ihusishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hazimwachi baba ahesabu makao ya watoto wake kuwa hisani.

Kuhusu fedha yenyewe, tuwe wakweli, maana watu hupoteza siku za thamani wakizunguka maofisini. Hatujui ofisi ya serikali katika mkoa wetu ambayo kazi yake ni kumlipia mtu malimbikizo ya kodi. Ruzuku ya TASAF huenda kwa kaya zilizokwisha kuandikishwa, nayo haina dirisha la dharura la kodi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa ajili ya miradi. Anayeichukua ili alipe kodi anawafunga wenzake kamba shingoni. Yabaki mambo yaliyo karibu: mfuko wa jamii katika kikoba, ambao wanachama wameuweka kwa ajili ya shida, mwajiri, ambaye aweza kutoa mshahara kabla ya mwezi kwisha, ndugu wa ukoo, ambao mara nyingi huambiwa mwishoni ilhali ndio wangeambiwa kwanza, na jumuiya.

Tunawasihi mwogopesheni kila mtu na mikopo ile watu wanayoiita "kausha damu". Tumeona mtu akichukua fedha hizo kuokoa chumba, akapoteza kitanda, cherehani na mwisho chumba chenyewe. Afadhali nusu ya kodi na maneno ya kweli mbele ya mwenye nyumba. Tulimuuliza mjane yule angefanyaje kama mama angekuja mwezi Desemba na kumwambia: nina hizi 90,000, nipe hadi Mei. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema angekubali, kwa sharti mwenyekiti wa jumuiya asimame kuwa shahidi.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tupange yafuatayo, na tunaomba kila jumuiya iyapokee kuanzia mwezi huu. Kila jumuiya imchague mtu mmoja, ikiwezekana mama mtu mzima asiyependa maneno, ambaye aliyepanga atamweleza tarehe ya kodi yake kwisha. Tarehe hizo ziandikwe katika daftari, bila kiasi cha fedha, na lisisomwe mkutanoni. Miezi 2 kabla ya tarehe, mtu huyo amtembelee mwenzake na kumuuliza hali. Akiona hatari, waende wawili kwa mwenye nyumba wakiwa na chochote kilichopatikana. Pengo likibaki, mwenyekiti wa jumuiya atoe fedha ya mfuko bila kungoja kikao, zikabidhiwe mwenye nyumba mwenyewe kwa risiti, na anayesaidiwa arudishe baada ya mavuno kadiri anavyoweza. Asiwe lazima Mkatoliki. Jirani yule hakuuliza dini ya watoto wanne. Tena, asiyeonekana jumuiya majuma matatu atembelewe kabla ya kuandikwa mlegevu.

Wenye nyumba mliomo humu, tutakutana nanyi peke yenu Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi. Tutawaomba mfikirie kupokea kodi ya miezi 3, na kuzihamishia tarehe za malipo kwenye miezi ya mavuno. Mjane tuliyemtaja amekubali kuja na kueleza upande wake.

Mama yetu sasa amepanga Kawajense, chumba kimoja, kwa bei kubwa kuliko ya kwanza. Kodi yake inaisha tarehe 15 Agosti, na jina lake ndilo la kwanza katika daftari letu.