Mtoto Akisoma, Usimcheke: Muulize
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo siongei habari ya mbuzi wala mikopo. Naongea juu ya mtoto na kitabu.

Niliwahi kutembelea boma moja, nikawaomba watoto wawili wa darasa la nne wanisomee hadithi fupi. Mvulana alisoma mbio kama redio, tukampigia makofi. Binamu yake, msichana, alisitasita, akakwama kwenye neno, wakubwa wakacheka. Hata mimi, nakiri, nilicheka. Halafu nikauliza: hadithi inasema nini? Mvulana kimya. Msichana alijua yote, lakini alijibu kwa kunong'ona, ameinamisha kichwa. Niliporudi mwezi uliofuata, alikataa katakata kusoma.

Jamani, tulimpa makofi asiyeelewa, tukamvunja moyo aliyeelewa.

Kuna utafiti uitwao PIRLS. Tangu 2001, kila baada ya miaka 5, hupima watoto wa mwaka wa nne wa shule katika nchi nyingi. Huwauliza pia kama wanaona kusoma ni kugumu kwao. Kwa wastani, wanaojiamini ndio wanaoelewa zaidi. Lakini ni lipi linatangulia? Mambo haya huvutana. Mtoto akielewa, anapata moyo. Akipata moyo, anajaribu tena, naye anaelewa zaidi. Akichekwa, anaacha kujaribu, na kuelewa kunadumaa. Na sifa tupu hazisaidii: ni kuchota maji kwa kikapu.

Basi tufanye nini nyumbani?

Kwanza, mtoto akikwama, mngojee kidogo. Asipoweza, msaidie neno hilo, aendelee.

Pili, akimaliza, muulize: Nani alifanya nini? Kwa nini? Wewe ungefanyaje? Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo, kwa lugha ya nyumbani.

Tatu, msifu kwa jambo alilofanya kweli: "Umerudia mstari ule mpaka ukaelewa. Vizuri."

Siku moja mtoto kama yule msichana atawasomea karatasi ya mkopo kabla hamjaweka sahihi. Siku hiyo mtataka asome mbio, ama aelewe na athubutu kuwaambia kilichoandikwa?