Inveta na Kipimo Chake
Mazungumzo ya Katibu mbele ya Wajumbe, siku ya sherehe ya miaka kumi ya Chama chetu Kikuu



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya umeme wa jua, na hasa juu ya kile chombo kiitwacho inveta, maana katika mkutano huu wajumbe watapiga kura juu ya fedha zilizotengwa kwa maghala ambayo nyaya za umeme hazijayafikia. Yako mapendekezo mawili mezani. La kwanza lasema tununue inveta za aina moja, kubwa, za wati 3000, tuzigawe sawasawa kwa kila ghala. La pili lasema kila ghala lipimiwe lake. Sisi wa ofisi twaunga mkono la pili, na twataka kuonyesha kwa hesabu sababu yake ni nini.

Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wake ukaanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimesogea sana katika nchi yetu, toka Mbulu mjini hadi Dongobesh na Haydom, na toka Katesh kwenda Endasak. Lakini ninyi mnajua kwamba kijiji si kitongoji. Nguzo yaweza kusimama mbele ya ofisi ya kijiji, na ghala la chama likawa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Wenye maghala ya namna hiyo ndio tunaosema nao leo.

Zamani katibu wa chama cha msingi alihitaji daftari, kalamu na mizani ya mawe. Leo mizani ni ya kidijitali, hesabu zaingizwa katika kompyuta, na mazao kama mbaazi huuzwa kwa stakabadhi za ghala katika minada ya Soko la Bidhaa Tanzania. Umeme ukizimika, mkulima hapimiwi. Asipopimiwa hana stakabadhi. Na asiye na stakabadhi hana cha kudai.

Jambo hili tumeliona. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja jina, mizani ilizimika alasiri ya siku ya pili ya kupokea mbaazi. Watu walikuwa wamekuja na punda na mikokoteni, wakalala nje ya ghala siku mbili katika baridi, akina mama na watoto mgongoni. Wengine walikata tamaa wakauza kwa mchuuzi aliyekuwa akingoja kando na mizani yake mwenyewe, kwa bei aliyoitaka yeye. Ilisemwa kwamba betri ni mbovu. Tulipokwenda kupima, betri ilikuwa nzima kabisa. Mlaji alikuwa inveta yenyewe.

Hapa yatupasa kueleza. Jua likipiga paneli, umeme hupita katika kidhibiti chaji, hukaa katika betri, na betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12, 24 au 48. Inveta huugeuza kuwa umeme wa volti 230 kama ule wa nguzo, ili vyombo vya kawaida vifanye kazi. Lakini kazi hiyo haifanyi bure. Hata pasipo chombo chochote kilichochomekwa, inveta ikiwa imewashwa hula umeme wake mwenyewe, na kwa kawaida iliyo kubwa hula zaidi. Ile ya wati 3000 ilikuwa ikila wati 40. Zidisha kwa saa 24, utapata wati-saa 960 kwa siku. Paneli za chama kile zilikuwa za wati 300. Katika miezi ya mawingu na ukungu wa nyanda za juu za Mbulu, sisi twahesabu saa 4 tu za jua kamili, tena twatoa theluthi moja kwa vumbi, joto na upotevu wa nyaya. Yabaki kama wati-saa 800. Basi inveta peke yake ilidai zaidi ya mavuno yote ya siku, kabla mizani haijapewa hata tone. Betri iliwabeba siku ya kwanza, ikachoka siku ya pili.

Muuzaji hakudanganya. Aliulizwa inveta kubwa, akatoa inveta kubwa.

Njia ya kupima ni hii. Chukua karatasi, andika kila chombo, wati zake, na saa kitakazofanya kazi kwa siku. Tumefanya hivyo kwa ghala moja la wilaya ya Hanang, upande wa Bassotu. Mizani wati 10, saa 8. Kompyuta mpakato wati 60, saa 5. Printa ya wino wati 20, saa 1. Taa nne za wati 9, saa 5. Taa ya mlinzi wati 9, saa 12. Simu kumi za wanachama zikichajiwa pamoja, wati 100 kwa saa 2. Vyote vikiwashwa kwa wakati mmoja ni wati 235, na kwa siku ni wati-saa 888. Wafugaji wa huko wakaomba friji ndogo ya chanjo za mifugo, ombi ambalo twaona ni la haki, maana chanjo iliyopata joto ni maji tu. Friji ile yataka wati 80, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, twaihesabia saa 8, yaani wati-saa 640. Jumla sasa ni wati 315 kwa wakati mmoja, na wati-saa 1528 kwa siku.

Angalieni kwamba hizo ni hesabu mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Wati za wakati mmoja ndizo zinazochagua inveta. Wati-saa za siku ndizo zinazochagua betri na paneli.

Tena kuna mshtuo wa kuanza. Chombo chenye mota, kama friji, wakati wa kuamka huvuta mara kadhaa ya wati zake, kwa kitambo kidogo sana. Tukiihesabia friji mara tano, ni wati 400. Pamoja na vile vingine 235 ni wati 635. Basi ghala lile lataka inveta ya wati 600 za kudumu, ambayo yaweza kustahimili 1200 kwa nukta chache. Inveta nzuri ya kimo hicho hula kama wati 10 ikiwa haina kazi. Hata tukiongeza ulaji huo na upotevu wa kugeuza umeme, siku nzima haizidi wati-saa 2000. Kwa akiba ya siku mbili zisizo na jua, betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 200 yatosha. Anayetaka betri za asidi, ambazo haifai kuzimaliza zaidi ya nusu, atahitaji ampea-saa 330 na zaidi. Paneli ni mbili za wati 400.

Kuhusu kununua, tuna maneno machache. Soma maandishi madogo ya nyuma, si namba kubwa ya mbele. Mara nyingi namba ya mbele ni ya mshtuo, na ya kudumu ni nusu yake. Ikiwa imeandikwa VA badala ya wati, punguza. VA 1000 huenda ikawa wati 800 tu. Uliza kama ni ya wimbi safi au ya wimbi la ngazi. Hii ya pili ni rahisi kwa bei, huwasha taa na kuchaji simu, lakini mota ya friji huunguruma na kupata joto juu yake, na mizani nyingine husoma vibaya. Kwa chama cha ushirika, mizani inayosoma vibaya ni fitina tupu. Kati ya zile za wimbi safi, iliyo nzito yenye transfoma ndani kwa kawaida huvumilia mshtuo wa mota kuliko iliyo nyepesi.

Volti nazo zina maana. Wati 1000 kutoka betri ya volti 12 ni ampea zaidi ya 80, na waya mwembamba utaungua. Kwa volti 24 ni nusu yake. Waya wa kutoka betri uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwe karibu na betri. Waya wa ardhini usisahauliwe, maana radi za nchi hii mnazijua.

Wako waliotuuliza kama inveta yaweza kuendesha mashine ya kusaga au ya kukamua alizeti. Mota ya nguvu za farasi 20 ni karibu kilowati 15, na ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara nyingi ya hizo. Hilo si jambo la fungu hili la fedha. Dizeli iendelee mpaka nguzo ifike. Pasi na birika vilevile visikaribie ghala.

Kwa nyumba ya mwanachama mwenye taa tatu, redio na simu, huenda inveta haihitajiki kamwe. Mitambo midogo ya kulipia kwa simu huendesha taa na televisheni zake kwa mkondo mnyoofu, na hapo hakuna cha kugeuza wala cha kupotea. Wapo wanachama waliouza mbuzi ili kununua inveta ya kuchajia simu mbili, twawahurumia.

Ndugu Wajumbe, ghala la Bassotu ni moja tu. Lenu laweza kuwa dogo, bila friji, au kubwa kuliko hilo. Fomu za kuandika vyombo, wati na saa zimewekwa mezani karibu na mlango. Kila katibu wa chama cha msingi achukue moja, aijaze ghalani kwake kwa kusoma kibandiko cha kila chombo, airudishe ofisini Katesh au Mbulu kabla ya msimu wa mbaazi. Pendekezo la pili likipita, tutanunua kwa fomu hizo, na ghala ambalo fomu yake haijafika litangoja. Kura itapigwa baada ya chakula.