Makumbi ya nazi si udongo



Ukitoka mjini Babati kwa barabara kuu ya kwenda Kondoa na Dodoma, baada ya kilometa zipatazo 19 unafika Bonga. Tangu barabara hiyo ya lami ilipozinduliwa mwaka 2018, nyanya, kabichi na hoho za huku zina milango miwili ya soko: Arusha upande wa kaskazini na Dodoma upande wa kusini. Na palipo na soko la mboga hapakosi soko la miche. Siku hizi wapo wanaojipatia riziki kwa kuotesha miche na kuwauzia wenzao.

Nilipopita huko, mama mmoja aliniita akanionyesha trei zake za nyanya. Miche ilikuwa na umri wa wiki tatu, lakini imedumaa. Majani machanga yalikuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na kingo za majani mengine zilikuwa zimeungua.

"Mwandishi," akaniambia, "mbegu ni chotara, nimeinunua kwa bei. Udongo nao ni wa kisasa, ule wa matofali. Wakulima watatu wamekwisha nipa fedha za kianzio. Sasa kosa langu ni lipi?"

Kosa, wasikilizaji, lilijificha katika neno moja alilolitamka: udongo. Kile alichokinunua si udongo. Ni vumbi la makumbi ya nazi lililokaushwa na kushindiliwa, ambalo wauzaji huliita kokopiti. Tofali la kilo 5 likimwagiwa maji huumuka likatoa lita 60 hadi 75. Sifa zake ni za kweli: hushika maji mengi, hupitisha hewa, na likiwa safi halina vijidudu vya shambani vinavyoleta kinyausi. Lakini halina chakula cha kumtosha mche, na mara nyingi lina chumvi.

Chumvi hiyo inatoka wapi? Wenzetu wa pwani wanaijua. Kule mashariki ya Unguja akina mama hufukia makumbi ufukoni, katika maji ya bahari, kwa miezi kadhaa, kisha huyaponda ili kupata usumba wa kusokotea kamba. Kamba haidhuriki na chumvi, lakini mche unadhurika. Na hata kumbi ambalo halikuingia baharini lina potasiamu na sodiamu nyingi kwa asili yake.

Tuchukue mfano wa daladala. Vumbi la makumbi ni kama daladala ambayo viti vyake vimekaliwa na potasiamu na sodiamu. Ukiliosha kwa maji matupu, wanaoshuka ni wale waliosimama tu. Waliokaa wanabaki. Siku utakapotia mbolea yenye kalsiamu, kalsiamu hiyo itang'ang'ania viti, na waliokuwa wamekaa watashushwa mizizini. Mche unakosa kalsiamu na papo hapo unapewa chumvi. Mkulima anaona njaa, anaongeza mbolea, naye anazidi kuharibu.

Dawa yake ni kuvijaza viti kabla ya kusia mbegu. Osha vumbi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu, uchuje. Kisha lilowekwe usiku kucha katika maji yaliyoyeyushwa kalsiamu nitreti, halafu lichujwe na kusuuzwa. Na hapa tuwe waangalifu: kalsiamu nitreti si ile CAN tuliyozoea kukuzia mahindi. Majina yanakaribiana, kazi ni mbalimbali.

Jambo la pili ni maji. Kuna kipimo kinachoitwa pH, kinachoonyesha kama maji yana uchachu au yana magadi. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni magadi, na kila hatua moja ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Miche katika makumbi hupenda 5.5 hadi 6.5. Maji ya visima katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana magadi. Kadiri unavyoyamwagia katika kijishimo kidogo cha trei, ndivyo pH inavyopanda, na ikipanda madini ya chuma hayachukuliki tena na mizizi. Ndiyo sababu ya majani machanga kuwa ya njano. Yule mama, kwa nia njema, alikuwa ameongeza majivu ya jikoni ili kuitia miche nguvu. Majivu nayo hupandisha pH. Alikuwa anamwongezea mgonjwa ugonjwa.

Afanyeje basi? Kwanza, akinge maji ya mvua kutoka kwenye bati, kwa kuwa hayana magadi. Akilazimika kutumia ya kisima, ayapime na kuyashusha kwa asidi kidogo kidogo, akipima kila mara. Ndimu inafaa kwa ndoo moja ya dharura, ila nguvu yake haidumu. Pili, mbolea asianze nayo mapema. Majani ya kwanza ya kweli yakishafunguka, gramu moja ya mbolea ya maji yenye virutubisho vyote kwa lita moja ya maji inatosha. Kalsiamu nitreti aitie siku nyingine, kwani zikikutana zikiwa nzito katika ndoo moja huganda na kutuama chini. Tatu, kila anapomwagilia, maji kidogo yatoke chini ya trei yakiondoka na chumvi.

Wasikilizaji, mkulima huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Aliuziwa kitu kipya bila maelezo. Wauzaji hawana budi kuweka maelekezo ya Kiswahili juu ya mfuko: je, vumbi limeoshwa au la? Limetiwa kalsiamu au la? Na kipimo cha pH kinachomshinda mkulima mmoja hakiwashindi kumi wakichanga, na bwana shamba akawafundisha kukisoma. Mkazi wa mjini naye asidhani hayamhusu. Miche ikifa Bonga, bei ya nyanya inapanda sokoni kwake.

Nilipoagana na mama yule, alikuwa ameosha vumbi jipya na kusia mbegu kumi tu katika kopo, azione kwanza. Nilimpongeza. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Yeye ameyawahi makumbi.