KIBABA CHENYE UFA HAKIJAI

Hotuba ya Mwenyekiti siku kikundi kilipotimiza miaka kumi, Makoko, Musoma



 Habari za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshazisoma. Sisi tutasema juu ya ile kazi mliyoiona pale nje, ya kuziba ndoo na mabeseni ya plastiki kwa moto.

Wapo waliocheka, wakasema akiba na ndoo mbovu wapi na wapi. Ndugu zetu, Makoko tunaishi kwa ndoo. Maji ya ziwani ni ndoo, dagaa ni ndoo, nguo ni beseni. Ndoo ikipata ufa, mama anachukua fedha ya hisa ananunua nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye ufa hakijai. Bibi zetu walilijua hilo: kibuyu kikipasuka walikishona, hawakukitupa.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza osha ndoo kwa sabuni mpaka mafuta ya dagaa yaishe, uianike ikauke kabisa, maana plastiki yenye mafuta au maji haishiki. Pili, toboa kitundu kidogo kwa msumari wa moto pale ufa unapoishia. Kitundu hicho kinauzuia ufa usiendelee. Tatu, chonga mfereji mdogo juu ya ufa kwa kisu, usitoboe mpaka upande wa pili.

Halafu tafuta kiraka. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Plastiki hushikana na ya aina yake tu. Tazama chini ya chombo, kwenye alama ya pembetatu yenye namba: 2 iende na 2, na 5 iende na 5. Kama hakuna namba, tupa kipande majini. Kikizama, kiache. Kikielea, yeyusha vipande viwili, vigandishe pamoja, vikipoa uvivute. Vikiachana kirahisi, hiyo siyo aina moja.

Pasha moto kisu cha zamani kwenye jiko la mkaa. Kisiwe chekundu. Plastiki iyeyuke bila kutoa moshi, maana ikiungua inakuwa kavu na kuvunjika. Yeyusha ndoo na kiraka kwa pamoja, kandamiza, kisha rudia upande wa ndani. Iache ipoe yenyewe, halafu ijaze maji uone kama inavuja, kabla ya kuitwisha mtu kichwani. Lita 20 ni kilo 20, akina mama.

Sasa yapo tusiyoziba. Ndoo iliyopauka kwa jua na kukatika ovyo, hiyo imekwisha. Vipande vya mabomba ya maji hatuvitii motoni, moshi wake ni sumu. Chombo kilichozibwa hatuwekei chakula cha moto wala maji ya kunywa. Na ndoo ya kupimia dagaa hatuizibi kwa ndani, kwa sababu kiraka kinakula kipimo, na mteja akipunjwa leo kesho haji. Kazi tunaifanya nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto na wajawazito wakiwa mbali.

Lipo moja lililotugawa. Kutoka mwaloni tunaletewa madumu ya petroli ya injini za mitumbwi, na malipo yake ni mazuri kuliko ya ndoo. Baadhi yetu walisema tuyapokee, mfuko unahitaji. Kikao kilikataa, na hata leo wapo wanaonung'unika. Tunarudia mbele ya Mgeni Rasmi: dumu la petroli hata likiwa tupu lina mvuke ndani, na mvuke huo ukikutana na chuma cha moto unalipuka. Hakuna hisa inayolipa uso wa mama aliyeungua. Atakayelipokea nyumbani kwake kwa siri asiseme ametumwa na kikundi.

Ombi letu ni dogo. Ndoo zilizovunjika kabisa lakini bado ngumu msizichome moto, tuleteeni tukate viraka. Na kila mwanachama amfundishe jirani mmoja, awe mwanachama au asiwe. Kisu kipo, mkaa upo, kinachotakiwa ni subira. Fedha itakayobaki mkononi ije kwenye kisanduku Jumamosi.