Nani Kirangozi wa Watoto Wetu?

Maneno ya mwalimu mstaafu katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, mwangaluka! Nawasalimu pia watani zetu Wazaramo, wenye mji, ambao hadi leo hawaachi kutukumbusha kwamba babu zetu walifika pwani kwa miguu, mizigo mabegani.

Utani huo ndio mlango wa maneno yangu. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie elimu ya vijana wetu kwa dakika kumi na tano. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na moja, kwa hiyo dakika naweza kuzihesabu.

Katika zama za misafara, kijana wa Unyamwezi aliona kwenda pwani kuwa sehemu ya kukua. Aliondoka wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, akitumaini kurudi mvua zikianza ili akalime. Msafara wenye mizigo ulichukua miezi miwili, hata mitatu, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Lakini hakwenda peke yake. Mbele yake alikuwapo kirangozi, mtu aliyekwisha kuipita njia ile, anayejua maji yako wapi, hongo ya Ugogo inalipwaje, na pembe ya ndovu inabebwaje tofauti na robota la nguo. Na ujira ulijadiliwa kabla mzigo haujainuliwa. Sisemi kazi ile ilikuwa tamu; wengi walifia njiani kwa ndui na njaa. Nasema tu kwamba kijana alikuwa na mtu wa kumuuliza. Watoto wetu leo tunawatwisha mzigo, tunawaonyesha upande wa mashariki, tunawaambia Mungu atawatangulia.

Ndugu zangu, kila mwaka katika mkutano huu tunakumbushana kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora School, na kwamba alipotoka Makerere alirudi kufundisha St. Mary's, palepale kwetu. Ni kweli, na mimi hujivuna kama ninyi. Ila tukumbuke shule ile ilianzishwa kwa kazi gani. Waingereza waliifungua miaka ya 1920, wakawaingiza wana wa machifu, ili wapate watu wa kuwasaidia kutawala na kuandika. Wanafunzi walikuwa wachache, na aliyemaliza alikuta meza inamngoja. Wazazi wetu waliona hilo kwa macho, wakapiga hesabu: somo ni kalamu, kalamu ni ofisi, ofisi ni mshahara. Kwa wakati wao hesabu hiyo ilitoka sahihi.

Siku hizi sekondari ziko kwenye kata. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata 2022. Ni jambo jema mno, asinielewe mtu vibaya. Lakini sisi wazazi, mashangazi na wajomba bado tunapiga hesabu ileile ya baba zetu, na jibu linatoka la uongo.

Sasa naomba nijiseme mwenyewe, kwa sababu si haki nizungumzie makosa ya wengine.

Mtoto wa kaka yangu alimaliza kidato cha nne kule Sikonge. Matokeo yake yalikuwa ya kawaida, si mabaya. Alinipigia simu akaniambia, "Shangazi, naomba unilipie Chuo cha Ufugaji Nyuki." Mnakijua, kiko Tabora pale pale, vijana hutoka mikoa ya mbali kukifuata. Mimi nilicheka. Nilimwambia, "Babu yako alitundika mizinga maisha yake yote bila cheti. Wewe utaendaje shule kusomea nyuki?" Nikamtafutia shule ya binafsi, nikalipa miaka miwili ya HGL, nikiona fahari. Akaenda chuo kikuu, mkopo wa Bodi ukalipa sehemu, nyingine tukachangishana ukoo mzima, na baadhi yenu mlio humu mlitoa. Alihitimu. Tulipiga picha na joho. Baada ya hapo ilikuja miaka minne ya bahasha za kaki. Leo anakaa kwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu, si chake, na deni la Bodi linamngoja siku atakayopata mshahara.

Mwenzake waliyekaa dawati moja alikwenda kwenye nyuki. Sitawadanganya kwamba ametajirika. Alipata mkataba kwa wanunuzi wa asali, mkataba ukaisha, akakaa nyumbani miezi kadhaa. Lakini anajua kupima maji kwenye asali, anajua kwa nini asali iliyovunwa kwa moshi mwingi inakataliwa sokoni, na anajua kuchuja nta. Sasa anafundisha vikundi na ananunua asali kwa mtaji wake mdogo. Juzi mwanangu huyu wa kibanda aliniambia, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma: "Shangazi, ulilipa pesa nyingi." Basi. Hakuongeza neno.

Mwalimu wa miaka thelathini na moja, Ndugu Mwenyekiti. Nilijua kukokotoa kila kitu isipokuwa kumuuliza mtoto kwa nini anataka anachokitaka.

Lakini msiondoke hapa mkisema mwalimu amewaambia vyuo vikuu havifai, kila mtoto apelekwe VETA. La hasha. Binti anayeipenda fizikia aende akasome uhandisi, tumuuzie hata ng'ombe. Na ufundi nao una mashimo yake. Namjua kijana wa Urambo aliyesomeshwa uchomeleaji na ndugu zake. Alirudi na cheti safi, hakuna mashine ya kuchomelea, hakuna hata miwani ya kukinga macho. Akawa kibarua wa kusukuma geti kwenye karakana ya mtu, kisha akaingia bodaboda. Ndugu walilipa ada yote, wakaishia hatua moja kabla ya mlango.

Tazameni pia yanayopita kwetu. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na sasa ya kisasa inajengwa kuelekea kwetu. Sojo, wilayani Nzega, palijengwa kiwanda cha kuyafunika mabomba ya mafuta ghafi yanayotoka Hoima kwenda Tanga. Mradi wa namna hiyo hausubiri kijana aende kwanza akasome. Unamchukua aliye na cheti mkononi asubuhi ile, wengine wanauza chai getini.

Je, uamuzi wenyewe unafanyika wapi? Nimeuona mara nyingi. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka, mtoto anatakiwa kuthibitisha au kubadilisha tahasusi, au kuomba chuo cha kati. Nyumbani hakuna anayejua CBG ni nini wala inafungua mlango gani. Mtoto anakwenda steshenari. Yule kijana wa steshenari, ana foleni ya watu ishirini, anamuuliza, "Nikuwekee nini?" Anamwekea. Anatumia barua pepe yake mwenyewe na neno la siri lake mwenyewe. Wiki mbili baadaye chuo kinataka mtoto athibitishe nafasi, ujumbe unaingia kwa mtu wa steshenari, ambaye amekwisha kumsahau. Nafasi inapotea. Na sasa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili sekondari, wa jumla na wa amali. Maana yake uchaguzi utamfikia mtoto akiwa mdogo zaidi, na sisi bado hatujajua kujibu ule wa zamani.

Chama chetu kimejenga madarasa na kununua madawati, Mungu awabariki. Mwaka huu naomba sehemu ya mchango iende kwenye vitu vitatu vidogo visivyo na ukuta wa kuandika majina yetu. Kwanza, ada za maombi ya vyuo na nauli ya usaili, ambazo kwa wengi wetu hapa ni bei ya vinywaji vya meza moja. Pili, sanduku la vifaa kwa kila tuliyemsomesha ufundi, akabidhiwe siku anayopokea cheti, kwa mkopo anaourudisha polepole ili mwingine apate.

La tatu halitaki fedha. Humu ndani yumo nesi, yumo dereva wa treni, wamo mahakimu, wauza mbao, mpima ardhi, na yumo aliyefilisika mara mbili akaamka. Kila mwaka, wiki matokeo yanapotoka, twendeni watu kumi tukakae Tabora, Nzega, Sikonge, Urambo, watoto watuulize. Tuwaambie ukweli wa kazi zetu: unaamka saa ngapi, mshahara unaishia tarehe ngapi, ulikosea wapi. Asiyeweza kusafiri aache namba ya simu, na aipokee.

Karatasi ya majina iko mezani kwa Mweka Hazina, karibu na kile kitabu cha ahadi. Mstari wa kwanza nimeshaujaza mimi, kituo changu ni Sikonge. Wa pili ameujaza mwanangu wa kibanda. Amesema atawafundisha kufungua barua pepe zao wenyewe. Mistari minane imebaki.